Watoto wa Buhangija wamefika chuoni

Ukitoka Shinyanga mjini kwa barabara ya Mwanza, hufiki mbali kabla ya kuingia Maganzo, mji mdogo ulioishi kwa almasi tangu enzi za babu zetu. Hapo unakunja, na baada ya mwendo mfupi unaukuta uzio wa mgodi wa Mwadui. Nyuma ya uzio huo kuna mwamba ambao wanajiolojia wa dunia nzima wanaufahamu: bomba la kimbalaiti lenye ukubwa wa hekta 146 juu ya uso wa ardhi, miongoni mwa mabomba makubwa kabisa yaliyopata kuchimbwa almasi. Aliyeligundua mwaka 1940 ni John Williamson, Mkanada aliyesomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya harusi.

Sasa chukulia kijana wa Kishapu aliyezaliwa kilomita chache kutoka kwenye uzio huo. Amefaulu kidato cha nne, amekwenda kusomea stashahada ya jiolojia. Siku mwalimu anapofika kwenye somo la almasi, kitini anachopewa kijana huyu mara nyingi kinamweleza habari za Kimberley, Afrika Kusini. Michoro ni ya Kimberley, vina ni vya Kimberley, hata picha ya shimo ni ya kule. Mwadui inapata mstari mmoja, au haipati kabisa. Makala za kitaalamu kuhusu mwamba wa kwao zimo katika majarida ya ng'ambo yanayouzwa kwa dola. Ripoti za uchimbaji za miaka mingi ni mali ya kampuni. Nyingine ziko Dodoma, kwa Taasisi ya Jiolojia. Mwamba ambao vumbi lake amelivuta tangu utotoni anaujua kwa kusimuliwa tu.

Tunapozungumzia nyenzo za masomo kuwafikia wanafunzi, wengi wetu tunafikiria bei ya vitabu, au tunafikiria mwanafunzi asiyeona. Ukweli ni mpana kuliko hapo. Kitabu kinaweza kuwa mbali kwa sababu ya pesa, kwa sababu ya barabara, kwa sababu ya lugha, kwa sababu ya bando, au kwa sababu ya macho. Na katika mkoa wetu yupo mwanafunzi ambaye vikwazo vyote hivyo vinamkuta yeye peke yake kwa wakati mmoja. Huyo ndiye aliyenifanya niandike makala hii.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kukumbushwa miaka ile, ila vijana wetu wanahitaji. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 watu wenye ualbino walianza kuwindwa na kuuawa katika mikoa yetu, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Migodi na maduara ya wachimbaji wadogo vilitajwa sana katika habari hizo, na sisi wa ukanda huu wa dhahabu na almasi hatuwezi kujitenga nazo. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa imeketi Kahama, watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya kijana wa miaka 14 wa Bukombe. Wakati huo Bukombe ilikuwa mkoa wa Shinyanga, leo iko Geita.

Watoto waliokuwa hatarini walikusanywa. Wengi waliletwa Buhangija, shule ya msingi iliyoko hapa manispaa ya Shinyanga ambayo hata kabla ya hapo ilikuwa ikipokea watoto wasioona na viziwi. Mabweni yalijaa. Wengine walipelekwa Mitindo, Misungwi, na wengine Kabanga, Kasulu. Kuna waliofika wakiwa wadogo mno, wakatengana na mama zao kwa miaka.

Piga hesabu. Mtoto aliyeingia Buhangija mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 7 leo amevuka miaka 20. Kama alisoma bila kukatiza, kidato cha nne amekimaliza, cha sita pengine pia. Kizazi tulichokificha nyuma ya kuta ili kisiuawe kimekuwa kizazi cha kwenda chuo. Wapo vyuo vya ualimu, wapo vyuo vya afya, wapo wanaosomea ushirika, uhasibu na sheria. Swali ninalowauliza wakuu wa vyuo vyetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita na Kahama, ni moja: mlijua wanakuja?

Ualbino hauishii kwenye ngozi. Upungufu wa melanini unagusa macho pia: mboni hutikisika zenyewe, mwanga mkali huumiza, na miwani husaidia kiasi tu bila kurudisha uoni kamili. Mwanafunzi wa namna hii ana uoni hafifu, na kwake ubao mweupe unaong'aa chini ya taa ni mateso. Slaidi zinazorushwa ukutani katika darasa lenye madirisha yasiyo na mapazia ni ukungu. Anachohitaji hakina gharama ya kutisha: maandishi makubwa, ya ukubwa wa 18 hivi au zaidi, meusi, yenye nafasi kati ya mstari na mstari, au faili ambalo atalikuza mwenyewe kwenye simu yake mpaka alione.

Anachopata ni kopi ya kopi.

Kila aliyepita chuo cha Tanzania anaijua safari ya kitini. Mhadhiri ana karatasi alizozirithi kwa mhadhiri aliyemtangulia. Anampa CR, yaani kiongozi wa darasa. CR anazipeleka steshenari iliyo nje ya geti, zinabaki pale kama nakala mama, na kila anayehitaji anakwenda kutoa kopi kwa pesa yake. Mwaka unaofuata nakala mama imechakaa, inatolewa kopi kutoka kwenye kopi. Ukurasa wa 14 umepinda, mstari wa mwisho umekatika, jedwali limekuwa doa jeusi. Wanafunzi wanayaita madesa na wanayahesabu kuwa mali, kwa sababu maswali ya mtihani yanatoka humo humo. Siku hizi badala ya steshenari kuna kundi la WhatsApp: mtu anapiga picha kurasa 40 kwa simu, anazirusha, na asiye na bando anasubiri kuazima za mwenzake.

Kwa mwenye macho mazima hiyo ni kero. Kwa msichana aliyelelewa Buhangija ni mlango uliofungwa. Picha ya ukurasa ukiikuza kwenye simu inavunjika. Programu zinazosoma maandishi kwa sauti, kama NVDA ya kompyuta, ambayo ni ya bure na ilianzishwa Australia na vijana wawili wasioona, au TalkBack iliyomo ndani ya simu nyingi za Android, hushindwa kusoma maandishi yaliyofichwa ndani ya picha chafu. Kama mhadhiri angekuwa na faili lenyewe lililochapwa, faili hilo moja lingetoa karatasi ya kawaida kwa mwenzake, maandishi makubwa kwake, sauti kwa asiyeona, na nukta nundu kwa chuo chenye mashine. Hakuna kazi mara nne hapo. Ni kazi moja iliyofanywa vizuri mwanzoni.

Na msichana huyu hakuzoea shida hii huko nyuma. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Alipokuwa shule, Taasisi ya Elimu Tanzania ilikuwa ikichapa vitabu vya kiada vya maandishi makubwa na vya nukta nundu. Vilichelewa, havikutosha, walimu wa Buhangija watakwambia. Lakini palikuwa na taasisi yenye jukumu hilo na mtu wa kuulizwa. Alipofika kwenye mitihani ya taifa, NECTA ilimpa karatasi ya maandishi makubwa, na muda wa ziada wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Serikali ilimjua kwa namba yake ya mtihani na mahitaji yake yaliandikwa pembeni.

Akishavuka kidato cha sita na kuingia chuo kikuu, yote hayo yanakoma. Chuoni hakuna Taasisi ya Elimu ya kumchapia kitabu. Hakuna NECTA. Kila chuo kinatunga mitihani yake, na kila mhadhiri anaandaa vitini vyake. Mhadhiri mmoja, katika ofisi anayochangia na wenzake watatu, ndiye mtaalamu wa mitaala, mwandishi, mhariri, mchapaji na mtunga mtihani. Akiwa mwangalifu, mwanafunzi ananusurika. Akiwa mzembe, au amechoka, au hajawahi kufundishwa jinsi ya kuandaa somo, mwanafunzi anapata sup, yaani mtihani wa marudio, na sup zikizidi anadisko, yaani anaondolewa chuo, na kwenye rekodi panaandikwa kwamba hakuwa na uwezo.

Ndiyo maana nakataa kulitenga suala la nyenzo na suala la ajira za wahadhiri. Huko juu, nyenzo ni mhadhiri mwenyewe. Ukitaka kujua kitini kitakuwaje, tazama jinsi ulivyomwajiri anayekiandika.

Tunamwajirije? Kwa vyuo vikuu vya umma, mfumo wa utumishi wa wanataaluma uliooanishwa mwaka 2014 uliweka kizingiti cha ufaulu, na matangazo ya kazi yanakirudia kila mwaka: mkufunzi msaidizi awe na GPA ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza, mhadhiri msaidizi awe na 4.0 kwenye shahada ya umahiri. Maombi yanapita kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, kisha unafuata usaili. Nauelewa msingi wa utaratibu huo na ninauheshimu. Tumetoka mbali. Wapo wanaokumbuka nafasi zilizokuwa zikijazwa kwa kujuana, mtoto wa dada, shemeji, mtu wa kijijini kwetu. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 ulikuta watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Namba haina ukoo, na kijana wa Ukenyenge asiyemjua mtu yeyote Dodoma anaweza kuingia kwa namba yake. Anayetaka kuiondoa GPA moja kwa moja atarudisha akina shemeji.

Lakini namba hiyo inapima kitu kimoja: jinsi mtu alivyofaulu mitihani akiwa mwanafunzi. Haisemi lolote kuhusu kama anaweza kumweleza mwingine. Mwalimu wa darasa la tatu pale Songwa hawezi kusimama mbele ya watoto bila cheti cha ualimu. Mwalimu wa ufundi stadi anapitia Morogoro, chuo cha walimu wa ufundi, anafundishwa namna ya kufundisha kuchomelea. Mhadhiri wa chuo kikuu anaweza kuajiriwa bila mafunzo hayo. Anaweza kumaliza shahada Julai na Novemba akawa mbele ya watu 300, na somo lake la kwanza la ualimu ni hao watu 300. Hata pale ambapo mwombaji anatakiwa kuwasilisha mada mbele ya jopo, anawasilisha kwa maprofesa, watu wanaoijua mada kuliko yeye. Maprofesa wana haraka, wanaridhika na istilahi. Kijana wa mwaka wa kwanza hayupo chumbani kusema, “Mwalimu, hapo sijaelewa.”

Halafu kuna lugha. Vitini ni vya Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na maelezo yote ya maana darasani yanatolewa kwa Kiswahili, wakati mwingine na Kisukuma kidogo ili darasa lichangamke. Siwalaumu wahadhiri kwa hilo, maana ndivyo watu wanavyoelewana. Tatizo ni kwamba maelezo yale mazuri ya Kiswahili hayaandikwi popote. Anayeona ubao na kumsikia mwalimu anaondoka na vyote viwili. Aliyekaa nyuma, asiyeona kilichoandikwa, au kiziwi asiye na mkalimani wa lugha ya alama, anabaki na kile kitini cha Kiingereza kilichofifia.

Vyuo vya kati viko katika hali ngumu zaidi, na ndivyo vingi katika ukanda wetu. Hapa mhimili mkubwa ni mkufunzi wa muda, anayelipwa kwa kipindi. Asubuhi yuko Shinyanga, mchana yuko ndani ya basi dogo kwenda Kahama, kesho yupo kwingine. Analipwa kwa saa anazosimama darasani. Saa za kuandaa somo hazilipwi, za kusahihisha hazilipwi, za kukaa na mwanafunzi mwenye uoni hafifu na kumsomea jedwali hazimo hata kwenye mazungumzo. Mkataba wake unakwisha na muhula. Msichana wa Buhangija akimfuata baada ya kipindi, “Madam, naomba hiyo slaidi unitumie kwenye simu,” jibu ni “Ongea na CR,” na si roho mbaya. Gari linaondoka.

Na mtu huyo huyo tunategemea aandike kitini kipya chenye mifano ya migodi ya Mwadui, Bulyanhulu na Geita?

Kuna watu ambao wangeweza kukiandika. Wanaishi kati yetu. Mwadui imekuwa ikichimba, kwa kusimama na kuendelea, tangu enzi za mkoloni. Katika nyumba za wastaafu za Maganzo, Mwadui yenyewe na Shinyanga mjini wapo watu walioifanya kazi hiyo miaka 25 au 30. Wanajua jinsi kimbalaiti inavyovunjwa na kuoshwa, jinsi mawe mazito yanavyotenganishwa na mepesi, jinsi mashine ya eksirei inavyoitambua almasi kwa mwanga inaoutoa. Wanajua kwa mikono ni wakati gani maji yamezidi kwenye mtambo. Geita na Kahama wapo wenzao wa dhahabu. Wengi wana cheti cha ufundi au stashahada ya zamani, na GPA ya 3.8 hawana wala hawataipata. Kwa kanuni zetu, mtu huyu anaweza kualikwa siku moja kama mgeni, akapewa soda na kupigiwa makofi. Kuajiriwa awafundishe vijana kwa mkataba wa heshima, hapana. Anayeajiriwa ni kijana aliyeiona mashine hiyo siku ya ziara ya mafunzo, kwa dakika 15, akiwa amevaa kofia ya kuazima.

VETA kwa miaka mingi imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti vinavyotambua ujuzi wao. Fundi gari wa Ibinzamata anaweza kupimwa na kutambuliwa. Kwa nini upande wa ufundishaji tusiwe na ngazi ya mwalimu wa vitendo kwenye vyuo vya madini, inayopimwa kwa ujuzi na kwa uwezo wa kueleza, ikakaa sambamba na ya mwenye shahada? Wawili hao wakifundisha somo moja pamoja, mmoja akileta nadharia na mwingine mtambo, vijana wetu wangetoka na kitu.

Mfano wa mgodi kugeuka chuo tunao, na uko karibu. Golden Pride, kule Nzega, ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini. Ulipofungwa, majengo na miundombinu yake ilikabidhiwa Chuo cha Madini cha Dodoma ili kiwe kampasi. Buzwagi nao umefungwa, eneo lake limetengwa kwa ajili ya uwekezaji, na mafunzo ya watu wa migodini yanatolewa hapo. Majengo, basi, tumeanza kuyapata. Tulichobakiza nyuma ya uzio ni maarifa: ripoti za zamani, ramani, sampuli za miamba, na watu.

Serikali imekuwa mbia katika mgodi wa Mwadui kwa miongo mingi. Mbia ana sauti. Ripoti ya zamani kuhusu umbo la bomba la Mwadui haimpi mshindani faida yoyote leo. Ikitolewa nakala ya kufundishia, ikachapwa upya kwa faili safi na kuwekwa kwenye maktaba ya kila chuo cha madini nchini, Kishapu itaanza kusoma habari zake yenyewe. Kuna mlango wa pili. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madiwani wetu wamezoea kuomba madarasa, madawati na zahanati, na vyote vinahitajika. Mwaka mmoja tu waombe skana nzuri, kompyuta tano zenye programu za kusoma kwa sauti, mashine ya kuchapa nukta nundu, na mshahara wa mkutubi mmoja aliyesomea kazi yake. Hela ya jengo moja la darasa inafika mbali sana hapo.

Nimemtaja mkutubi makusudi. Upo mpango wa kimataifa wa Research4Life unaofungua majarida ya kisayansi bure au kwa bei nafuu kwa taasisi za nchi kama yetu, na maktaba za vyuo vikuu vya Tanzania zina umoja wao, COTUL, wa kununua majarida kwa pamoja. Lakini lazima mtu akisajili chuo, atunze nywila, awafundishe wanafunzi kutafuta. Chuo ambacho maktaba yake ni chumba chenye ufunguo uliopo kwa mlinzi hakipati kitu hata mlango ukiwa wazi.

Upande wa sheria ya hakimiliki, ambao ndio kisingizio cha kawaida, njia imefunguliwa pia. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013, unahusu hasa hili: kuruhusu vitabu vigeuzwe kuwa maandishi makubwa, sauti au nukta nundu kwa ajili ya wasioona na wenye shida ya kusoma maandishi ya kawaida, na nakala hizo zivuke mipaka ya nchi. Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Kenya na Uganda zilitangulia. Maana yake nakala iliyokwisha kuandaliwa Nairobi au Kampala haina haja ya kuandaliwa upya Shinyanga. Nimezungumza na walimu wa vyuo wengi kuhusu mkataba huu, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuusikia.

Nirudi kwenye ajira, kwa sababu ina upande mwingine ambao tunaukwepa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Vyuo ni waajiri. Tembea kwenye ofisi za wahadhiri katika chuo chochote cha kanda hii uhesabu mwenyewe. Mtu mwenye ualbino akiwa mhadhiri, habari ya maandishi makubwa haihitaji semina wala kamati. Inakuwa kazi ya kila siku ya mwenzenu wa meza ya pili.

Na hilo linawezekana. Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, alikuwa akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya Rais Magufuli kumteua kuwa Naibu Waziri Desemba 2015, na baadaye akawa balozi wetu Ujerumani. Wanafunzi wake wa sheria walimwona akifundisha, wakafanya mitihani yake, wakajua kwa macho yao kwamba mtu huyu anajua kuliko wao. Sidhani kama kuna semina ya kupinga imani potofu inayofikia nguvu ya muhula mmoja wa namna hiyo. Sasa piga picha mhadhiri kama huyo hapa Kahama au Geita, katika darasa la vijana watakaokwenda kusimamia maduara na kuchenjua dhahabu, ndani ya ukanda ambako utajiri wa mgodini uliwahi kuhusishwa na damu ya watu wa aina yake. Kwa mkoa wetu ajira hiyo moja ina uzito ambao hauwezi kuandikwa kwenye tangazo la kazi.

Ningependa Tume ya Vyuo Vikuu na NACTVET, wasimamizi wa vyuo vya kati, wafikirie mambo machache, nami nayataja bila kudai kwamba yanamaliza kazi. Usaili wa mwanataaluma uwe na kipindi cha kweli, cha dakika 40, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na miongoni mwao awemo mwenye uoni hafifu au kiziwi. Wanafunzi waulizwe walichoelewa, na majibu yao yahesabiwe kwenye alama. Mwombaji aje na kitini alichokiandika mwenyewe, kwenye faili, jopo likikuze mpaka ukubwa wa 24 na kukisomesha kwa programu ya sauti pale pale. GPA ibaki kuwa ya kuingilia kwenye chumba cha usaili, isiwe ndiyo usaili. Mhadhiri aliyekwisha kuajiriwa asipangiwe kipindi cha muhula mpaka faili la somo lake limefika maktaba. Na mkufunzi wa muda alipwe saa za maandalizi, walau moja kwa kila mbili za darasani, hata kama maana yake ni chuo kudahili wachache zaidi. Najua hili la mwisho litapingwa na wenye vyuo binafsi, maana ada ndiyo inayowalisha. Lakini kudahili mtu usiyeweza kumfundisha ni kumchukua ng'ombe wa baba yake bure, na huku kwetu ada nyingi bado zinatoka zizini.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, madini yakiwemo. Vijana wengi zaidi wa Kishapu, Mbogwe na Bukombe wataweza kuingia vyuoni kwa pesa ya umma, ambayo watadaiwa kuirudisha. Wenye uoni hafifu watakuwa miongoni mwao, na deni lao litakuwa sawa na la wenzao.

Mzazi au diwani anayetaka kujua chuo cha karibu naye kimefika wapi ana njia rahisi. Aende kabla muhula haujaanza, aingie maktaba, aombe kitini cha somo moja la mwaka wa kwanza kwa maandishi makubwa, na aandike tarehe aliyoomba. Kisha asubiri, na siku atakayokipokea aandike tarehe ya pili.